Mzee Buluu na Sabuni ya Ndoo

Asubuhi ile mke wa mwanawe alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa jiko akikuna mche wa sabuni kwa kikunio cha karoti. Mzee alitoka chumbani kwake, akaliona rundo la vipande vyembamba ndani ya sufuria, akasimama palepale. Alikuwa amefua nguo za watu kwa miaka arobaini na saba na hakuwahi kuona sabuni ikikunwa kama mboga.

"Shikamoo, baba," mwanamke alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Hicho ndicho kifungua kinywa chetu?"

"Sabuni hii, baba. Nadhani unaijua."

"Sabuni naijua. Hiyo siijui."

Mwanamke akaendelea kukuna. Alikuwa na mikono mifupi yenye nguvu, na alipokasirika ilikwenda kasi zaidi. Kando yake palikuwa na simu iliyoegemezwa kwenye kopo la chumvi, na ndani ya simu mwanamke mwingine, aliyepakwa rangi midomoni tayari kwa kazi ya kukoroga ndoo, alikuwa akieleza: mche mmoja uliokunwa, magadi vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji ya moto, koroga, funika, acha ilale. Ndoo nzima ya lita ishirini.

"Na huyo ni dobi?" mzee aliuliza akiielekezea simu kidevu.

"Huyo ni mtu mwenye akili. Mwanao siku hizi anakwenda kiwandani siku tatu kwa wiki, baba. Magodoro hayauziki. Tulikuwa tunamaliza miche minane kwa mwezi, na mingi ilikuwa yako. Sasa ni mmoja."

Mzee alikwenda bombani kunawa uso, na njiani alikohoa kikohozi kile ambacho uani kila mtu alijua si cha kifua.

Walimwita Mzee Buluu. Jina hilo alilipata zamani, wakati kila dobi aliyejiheshimu alikuwa na kijifuko cha kitambaa chenye kidonge cha buluu ya kufulia. Nguo nyeupe ikishafuliwa na kusuuzwa, dobi alichovya kijifuko katika maji ya mwisho, akakitikisa mara tatu, nne ikizidi sana, na nguo ikatoka na weupe wa baridi ambao unga wa pakiti haujawahi kuutoa. Madobi wenzake waliacha mmoja mmoja. Wengine walikufa, wengine wakawa walinzi wa milango ya benki. Yeye hakuacha. Alichemsha nguo nyeupe kwenye pipa. Alizipiga juu ya jiwe kwa kipimo, si kwa hasira. Alizianika kwanza juu ya majani mabichi ili jua na unyevu vizifanyie kazi, ndipo akazipandisha kambani. Majani yale sasa yalikuwa yamemwagiwa zege na mwenye nyumba ili wapangaji wapate pa kuegesha pikipiki, na jiwe lake la kufulia lilikuwa limevunjwa na kutiwa kwenye zege hilohilo. Alikuwa akikanyaga jiwe lake kila alipokwenda chooni.

Kwa hiyo hakuwa mtu wa kuishangilia sabuni ya ndoo.

Siku ya pili sabuni ilikuwa imeganda. Mwanamke alifunua kifuniko na kuitikisa ndoo, na kilichokuwa ndani kikatetemeka kama mtu mnene anayejizuia kucheka. Mzee alichovya kidole, akakinusa, akagusa ncha ya ulimi, maana hivyo ndivyo sabuni ilivyopimwa zamani: ikiuma sana ni mbichi, isipouma kabisa ni mafuta matupu. Hii iliuma kidogo, kisha ikateleza.

"Makamasi," alisema.

"Asante, baba."

"Makamasi ya ng'ombe mwenye mafua."

"Yatafua chupi zako vizuri tu," alisema mwanamke, na jirani wao, fundi cherehani wa chumba cha tatu, akacheka hadi mashine yake ikasimama.

Hivyo ndivyo vita vilivyoanza, ingawa kwa kweli vilikuwa vya zamani. Walishagombania kamba ya kuanikia, pipa la kuchemshia lililokula mkaa, na hata namna ya kukunja suruali. Mwanawe, ambaye ndiye angeweza kuwaamua, alirudi kutoka kazini na vumbi la sponji kwenye nyusi, akala, akalala. Akiulizwa upande wake ni upi, alisema, "Jamani, niacheni," na huo ndio ulikuwa upande wake.

Miche ilipokwisha, mzee hakuwa na la kufanya ila kuchota kwenye ndoo. Alichota huku amegeuza uso. Alibaki na mche mmoja tu, aliouficha chini ya kitanda, wa kile kiwanda cha zamani ambacho sabuni yake ilikatwa kwa waya na kuuzwa bila karatasi. Ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino. Huo hakuugusa.

Na tangu achote kwenye ndoo, aliona alichokitarajia. Mashuka yalitoka ya manjano. Aliyasuuza mara mbili, mara tatu, bado manjano. Akaongeza buluu. Kijifuko ambacho zamani kilitikiswa mara tatu sasa kilitikiswa mara saba, mara kumi, na baadaye akawa anakiacha kiloweke humo kama mtu anayepika chai. Hapo tu ndipo mashuka yalipokuwa meupe machoni pake.

Hata hivyo haikuwa sabuni peke yake. Vitu vyote vya siku hizi vilikuwa na uchafu wa manjano. Maziwa ya pakiti yalikuwa na rangi ya samli. Karatasi za magazeti zilitoka kiwandani zikiwa zimezeeka. Rangi ya ukutani mwa chumba chake, aliyoambiwa ni nyeupe, ilikuwa kama meno ya mvuta sigara. Mzee aliyaona haya yote na kuyaweka kwenye orodha yake ya mambo yaliyoharibiwa na watu wasiotaka kufanya kazi kwa moyo.

Mteja aliyebaki naye alikuwa mmoja: nyumba ya wageni yenye vitanda ishirini, mashuka arobaini kila wiki. Mwenye nyumba ile, marehemu sasa, alikuwa mtu wa kuheshimu kazi. Kila Ijumaa alilichukua shuka moja, lolote, akalinyoosha mbele ya dirisha na kulitazama kwa kimya, kisha akalikunja mwenyewe na kusema, "Dobi, umefua." Maneno mawili. Mzee aliishi kwa maneno hayo mawili miaka ishirini na tisa. Sasa nyumba ilikuwa mikononi mwa kijana wa marehemu, aliyezungusha funguo kidoleni na kumwita babu.

"Babu," kijana alimwambia Ijumaa moja, akiwa amekaa juu ya meza badala ya kiti, "mashuka yako siku hizi yana rangi."

Mzee hakuuliza rangi gani. Aliijua. Alikuwa akipigana nayo kila siku.

"Wageni wananicheka," kijana aliendelea. "Mmoja kaniuliza kama tunatandika mapazia. Sasa nisikilize. Ijumaa ijayo ukiniletea tena yenye rangi, napeleka kwenye mashine pale njia panda. Wanafua, wanakausha, wananyoosha, kwa saa mbili tu. Baba alikuwa anakupenda, mimi sina ugomvi na wewe, lakini biashara ni biashara."

"Baba yako alikuwa anavaa shati jeupe kila siku," mzee alisema.

"Ndiyo, babu. Na alikufa."

Mzee alirudi nyumbani na furushi la mashuka machafu begani, na kila hatua ilimchemsha zaidi. Mashuka yale ndiyo yaliyomfanya akae mezani kwa mwanawe kama mtu anayeleta kitu. Bila hayo angekuwa mzee wa kulishwa, wa kuambiwa sogea kidogo baba tufagie. Na mtu wa kumfikisha huko alikuwa yuleyule mwenye kikunio.

Alilitupa furushi mbele ya mlango wa jiko.

"Umefurahi?" alisema. "Unga wangu umeshamwagika. Umeumwaga wewe kwa hiyo ndoo yako."

Mwanamke akatoka akijifuta mikono. "Nimefanya nini tena?"

"Mashuka yamekuwa ya manjano. Nyumba ya wageni wanataka kuniachisha. Miaka ishirini na tisa hakuna aliyewahi kuniambia shuka lina rangi, umekuja wewe na makamasi yako, miezi miwili tu, tayari."

"Baba, sabuni hiyohiyo ndiyo nafulia mashati ya mwanao. Mbona hayana manjano?"

"Yana manjano! Hana mke wa kumwambia, ndiyo maana hajui."

"Shati lile pale kambani! Jeupe pe! Jamani, kuna mtu hapa anaona manjano?"

"Weupe!" mzee alisema. "Wewe umewahi kuona weupe? Umezaliwa weupe ulishakwisha."

Watu wa uani walikuwa wameanza kutoka kama wanaotafuta hewa. Fundi cherehani aliacha mashine, akaja na utepe wake wa kupimia shingoni. Alikuwa mwanamke mpana, mpole wa sauti, mwenye kupenda ugomvi wa wengine kama watu wanavyopenda mpira.

"Kwa nini mnapigania shuka kama mnapigania urithi?" alisema. "Si mpime? Mimi ndiye niliyeshona hayo mashuka ya nyumba ya wageni, na jora ninalo bado. Nawakatia kila mmoja kipande. Baba afue cha kwake na sabuni anayoitaka, mwenzake afue cha kwake na ya ndoo. Mimi navianika, sisemi cha nani ni kipi. Baba aje achague."

"Kwa kushika au kwa kutazama?" mke wa mwana aliuliza. "Maana mikono yake tunaijua. Atashika tu, atajua."

Hapo mzee angeweza kusema kwa kushika. Vidole vyake vilijua pamba ya mwaka gani na maji ya bomba lipi. Lakini alikuwa amechokozwa, na watu walikuwa wengi.

"Kushika kwa nini?" alisema. "Sihitaji hata kusogea. Nitasimama hapa mlangoni kwangu, hatua kumi, nikuonyeshe uchafu wako kwa macho."

Akaenda akautoa ule mche wa kiwanda cha zamani chini ya kitanda. Alikifua kile kipande kama mtu anayefua kwa mara ya mwisho: akakichemsha, akakisuuza maji manne, akakitia buluu mpaka kikawa cheupe alivyokitaka. Mke wa mwanawe alikichovya cha kwake kwenye beseni, akakisugua wakati huohuo akimkaripia muuza mkaa, akakisuuza, basi.

Jumatano adhuhuri, jua likiwa utosini, fundi cherehani alivianika. Mzee alisimama mlangoni kwake amefunga mikono nyuma. Uani palikuwa kimya kama darasa lililomwona mwalimu.

"Nimeanika vitatu, baba," fundi alisema, "ili mtu asibahatishe."

"Anika hata kumi."

Alitazama. Haikumchukua muda. Cha kushoto kiling'aa kama kipande cha mchana kilichobanwa kambani. Wala hakuhitaji kufikiri. Cha katikati kilikuwa na ile manjano aliyoizoea, manjano ya ndoo. Na cha kulia, hicho kilimtia kinyaa. Hicho kilikuwa kibaya kupita vyote.

"Cha kushoto ni changu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye nafasi. "Hata kipofu angejua. Hicho cha katikati ni cha makamasi. Na hicho cha mwisho, hicho, bibie, umekifua kwa makamasi mara mbili ili unichanganye. Kimekuwa kama mkojo wa punda."

Hakuna aliyecheka. Hilo lilimsumbua kwanza. Alitegemea kicheko.

"Baba," fundi alisema polepole, "cha kushoto ni chako, kweli. Cha katikati ni cha mwenzako. Lakini hiki cha tatu hakijafuliwa na mtu. Nimekikata kwenye jora sasa hivi. Hakijaona maji tangu kiwandani."

Mzee alizivuka zile hatua kumi. Alikishika kile kitambaa, na vidole vikamwambia kabla hajataka kuambiwa: ule ugumu wa wanga wa kiwandani, zile nyuzi za pembeni zisizowahi kulegea, ile harufu ya rafu ya duka. Kitambaa kipya. Alikitazama tena, na kilikuwa cha manjano vilevile, mkojo wa punda vilevile.

"Na hicho chako," alisema mke wa mwanawe. Hakuwa anatabasamu. Ingekuwa afadhali angetabasamu. "Baba, hicho chako ni cha buluu. Sisemi kina buluu kidogo. Ni cha buluu. Kama sare ya shule."

Alikitazama cha kwake. Hapakuwa na kitu cheupe zaidi uani pale, wala hakuwa amewahi kuona kitu cheupe zaidi.

Ndipo mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, na kicheko kikaenea uani mzima kama maji yaliyopigwa teke. Hakikuwa cha chuki, na hilo ndilo lililouma. Walimcheka kama wanavyomcheka mtu aliyetoka nje amevaa shati ndani nje. Fundi cherehani hakucheka. Alimsogelea, akamshika kiwiko, akayatazama macho yake kwa karibu kama anayetunga uzi.

"Huyu ni mtoto wa jicho, baba. Mama yangu alikuwa naye. Anaanza na manjano, kisha ukungu. Wanamtoa hospitalini siku hizi, si jambo kubwa, unaondoka siku ileile..."

"Toa mkono wako."

"Nasema tu..."

"Umeanika vitambaa, umemaliza kazi. Toa mkono."

Akaingia chumbani na kufunga mlango. Kuta zilikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara. Alikaa kitandani akazitazama, na kwa mara ya kwanza hakumlaumu aliyezipaka rangi. Basi maziwa yalikuwa maziwa. Magazeti yalikuwa magazeti. Watu wote hawa aliowaita wavivu, miaka hii yote, huenda baadhi yao walikuwa wamefanya kazi yao. Hilo lilimkasirisha kuliko kicheko.

Alijaribu kukumbuka lilianza lini. Alirudi nyuma mwaka, akarudi miaka miwili, mitatu, hadi wiki za mwisho za mkewe, alipokuwa akimtandikia shuka safi kila asubuhi. Nakumbuka yalikuwa hayatakati, alijiambia. Nilikuwa nayatikisia buluu mara sita. Mkewe alikuwa akiligusa shuka kwa kiganja, akimtazama yeye, akisema, "Asante, mume wangu," na hakusema lingine. Alikuwa na mambo mengine ya kubishania, labda. Au aliamua tu kulala ndani ya buluu.

Alhamisi mashuka arobaini yalikuwa bado yanamsubiri. Mche wa zamani ulikuwa umekwisha kwenye kipande kimoja cha kitambaa, kazi ya kipumbavu. Akabeba beseni hadi kwenye ndoo na kuchota makamasi bila kugeuza uso. Alifua tangu jua halijapata nguvu. Mgongo wake ulilia, lakini mikono ilikwenda sawasawa, kusugua, kugeuza, kukamua kwa kusokota mara mbili na nusu, maana ya tatu inakata nyuzi. Alipofika kwenye maji ya mwisho alikitoa kijifuko, akakishika juu ya beseni. Tone moja la buluu lilianguka na kutawanyika.

Mke wa mwanawe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko.

"Usinitazame," alisema mzee.

"Sikutazami. Nasubiri kamba."

"Utasubiri."

"Nasubiri."

Macho yake yalimwambia mashuka yale ni machafu. Miaka arobaini na saba ilimwambia shuka chafu halitoki mkononi mwa dobi. Na upande wa pili kulikuwa na kicheko cha jana, ambacho hakikuwa na ufundi wowote, lakini kilikuwa na macho. Akayamwaga yale maji, akachota mapya, akasuuza bila buluu, na alijisikia kama mtu anayetoka nje bila suruali.

Aliyaanika yote arobaini. Yalijaa kamba zote sita, ya manjano kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kama hospitali ya vita. Alisimama katikati yake muda mrefu. Kisha akasema, bila kumgeukia yeyote:

"Yakoje?"

"Yako vizuri," mwanamke alijibu.

"Sikuuliza kama yako vizuri. Yakoje?"

"Meupe."

"Meupe kama nini?"

Alifikiri. "Kama mashuka," alisema.

Mzee alitafuta dhihaka katika jibu hilo na hakuiona, akatafuta huruma na hiyo pia hakuiona, na hakujua kama anadanganywa. Kama mwanamke angetaka kummaliza, hii ndiyo ilikuwa siku yake. Neno moja tu la uongo lilitosha, na mzee angelipeleka furushi la manjano kwa miguu yake mwenyewe. Je, yeye angefanya hivyo, kama angekuwa mahali pa mwanamke? Hakujiuliza mara mbili, kwa kuwa jibu alilijua.

Ijumaa alilifunga furushi ndani ya blanketi kuukuu ili barabarani lisionekane. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa amelibeba wazi begani, kwa makusudi, ili watu wamwone. Sasa alipita karibu na ukuta, amelikumbatia kama mtu aliyeiba.

Kijana wa marehemu alilifungua juu ya meza ya mapokezi. Akachomoa shuka moja, akalikunjua.

"Eeh!" alisema. "Babu! Leo umefua."

Mzee alimkazia macho. Kijana alikuwa amelisogeza shuka dirishani, si kwa kumwiga baba yake, maana labda hakuwahi hata kumtazama akifanya hivyo, ila tu kwa sababu ndipo palipokuwa na mwanga. Alikuwa anacheka kwa furaha. Na lile alilolishika, kwa macho ya mzee, lilikuwa kitambaa ambacho dobi wa zamani angekitumia kufutia pasi.

"Ni meupe?" mzee aliuliza.

"Si unayaona?"

"Nakuuliza wewe."

"Meupe, babu. Meupe kabisa. Sijui ulikuwa unafanya nini kabla ya hapa, lakini fanya hivi hivi. Mashine basi. Tunaendelea."

Yale maneno aliyoyasubiri tangu marehemu afe yalikuwa yamesemwa, kwa sauti isiyo na adabu, kuhusu kazi ambayo yeye alikuwa ameificha kwenye blanketi kwa aibu. Angeweza kuyachukua. Kila mtu angeyachukua. Alitazama mlango wa chumba cha kwanza, ulioachwa wazi, na kitanda kilichotandikwa mashuka yake ya wiki iliyopita, meupe mno, mazuri mno, yale ambayo mgeni aliyaita mapazia.

"Wiki ijayo kazi mpe mke wa mwanangu," alisema. "Mimi nimeacha."

"Kuacha? Yamekuwa mazuri ndiyo unaacha?"

"Yangekuwa mabaya ungeniachisha wewe. Yamekuwa mazuri, naacha mwenyewe. Sifui nisichokiona."

"Babu, hebu kaa kwanza..."

"Na ushuke kwenye meza. Baba yako alikuwa anawekea wageni vitabu hapo."

Nyumbani alilieleza jambo hilo kwa sentensi moja, akiwa anavua viatu. Alitegemea mke wa mwanawe angefurahi, na alikuwa amejiandaa kuichukia furaha hiyo. Badala yake mwanamke alikitupa kikunio ndani ya sufuria kwa kishindo.

"Nani kakuambia nataka kufua mashuka ya watu?"

"Una sabuni. Una macho."

"Nina nyumba! Nina mume wangu anayelala kama gogo! Nilitengeneza sabuni tusitumie pesa, sikutengeneza sabuni niwe dobi! Mashuka arobaini, baba? Arobaini? Ungeniuliza!"

"Wewe uliniuliza ulipoikuna?"

Alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema mambo kadhaa ambayo mkwe hamwambii baba mkwe, na mzee akayasikiliza yote mpaka mwisho. Hakuna kilichobadilika. Mwanaume wa nyumba alipoulizwa jioni alisema, "Jamani, niacheni." Na fedha ya mashuka ilihitajika.

Alhamisi iliyofuata mwanamke alifua. Alifua vibaya, kwa haraka na kwa matusi ya chini chini, akimwaga maji kwenye zege hadi yakafika kwenye pikipiki. Mzee alikuwa amekiweka kigoda chake mlangoni na kukaa akitazama ukuta, mgongo kwa kamba, kwa sababu hakuona maana ya kuyatazama.

"Hujakamua," alisema.

"Nimekamua."

"Kusokota mara moja si kukamua. Nasikia matone."

"Ziba masikio basi, baba."

"La nne kutoka ukutani. Linadondoka pembe ya kushoto."

Mwanamke aligeuka, akahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu. La nne lilikuwa linadondoka, pembe ya kushoto, tone kwa tone juu ya zege.

"Mzee mchawi," alisema, si kwa sauti ya chini sana.

"Mara mbili na nusu," alisema mzee kwa ukuta. "Ya tatu inakata nyuzi."

Akalivuta shuka kutoka kambani hadi kibanio kikaruka, akalisokota mara moja, mara mbili, kana kwamba ameshika shingo ya mtu, na alipofika kwenye nusu alisimama, akavuta pumzi, akamtazama yule mzee kisogoni, akasokota ya tatu.